Mtoto Ambaye Hakuwahi Kuwa na Miaka Saba

Walimu wenzangu mliobaki kazini, siku ya kuniaga mlinipa saa kubwa ya ukutani, zawadi nzuri sana kwa mtu ambaye hana tena mahali pa kuwahi. Mlinipa pia keki, doti mbili za khanga na hotuba tano, na katika hotuba zote tano nikaitwa nguzo ya elimu maalumu. Nguzo haina mdomo, ndiyo maana ni rahisi kuisifia. Mwalimu kijana mmoja tu ndiye aliyeniuliza jambo la maana: "Mama, nyinyi mlipoanza mlikuwa mnafanyaje?" Siku ile muziki ulikuwa mkubwa, sikuweza kumjibu. Namjibu hapa. Habari za madaraja na mishahara nitaziruka, kwa sababu ni fupi na nyote mnazijua.

Nilipangiwa shule ya msingi ya Levolosi mwishoni mwa miaka ya themanini, binti wa Kimeru niliyetoka chuo cha ualimu na viatu vipya na falsafa nyingi kichwani. Siku ya kwanza nilikabidhiwa darasa la kwanza, kipande cha chaki, na Mwalimu Kaaya. Mwalimu Kaaya alikuwa mzee wa kutoka upande wa Momela, amefundisha darasa la kwanza tangu mimi mwenyewe sijaingia darasa la kwanza. Alinifundisha mambo mengi ya faida: kunoa penseli kwa wembe bila kupoteza kidole, na kutomwamini mtoto anayesema anaumwa tumbo saa ya hesabu. Alinifundisha pia kupima umri.

Nyinyi mna vyeti vya kuzaliwa, mnaweza kucheka. Sisi siku ya uandikishaji tulitumia sikio. Mtoto anasimama mbele ya meza, anapitisha mkono wa kulia juu ya kichwa, anashika sikio la kushoto. Akilifikia ana miaka saba, anaandikwa. Asipolifikia, aje mwakani.

"Hiki ndicho kipimo cha kuaminika, binti," Mwalimu Kaaya aliniambia. "Hakihitaji betri."

Katika msimu wangu wa pili wa uandikishaji, Mwalimu Kaaya alikwenda msibani akaniachia meza. Asubuhi ile akaja mama mmoja, mtu wa Kondoa, mpangaji wa nyumba za nyuma ya shule, amemshika binti yake mkono. Binti aliitwa Rukia. Hakunitazama. Alikuwa anatazama kona ya meza kana kwamba ndiyo itakayomwandikisha.

"Rukia, shika sikio," nikasema.

Hakushika. Nikamwonyesha. Hakuangalia. Basi mimi, kwa ujuzi wangu wote wa chuo, nikamshika mkono kutoka nyuma nikaupitisha juu ya kichwa chake. Alipiga yowe ambalo nadhani lilisikika sokoni, akajikunja chini ya meza, akaziba masikio yote mawili. Kwa hiyo masikio aliyafikia, ila si kwa utaratibu.

Mama yake alitoa kadi ya kliniki kwenye mkunjo wa khanga. "Mwalimu, siku aliyozaliwa imeandikwa hapa. Miaka saba ametimiza, na miezi miwili juu."

"Mama, sisi tunafuata kipimo," nikasema. Nikaandika: Hajafikisha umri.

Naomba mlitazame vizuri jambo hilo. Nilikuwa na karatasi ya hospitali mkononi na mtoto aliyejikunja miguuni pangu, nikaamini mkono ambao haukunyooka. Mwaka uliofuata Mama Rukia alirudi, nikasoma daftari langu la mwaka uliopita, nikamrudisha bila hata kumpima. Mwaka wa tatu alimkuta mwalimu mwingine, naye akasoma daftari langu. Mwaka wa nne, Rukia akiwa amerefuka kuipita meza, Mwalimu Mkuu mwenyewe alimtazama akasema, "Huyu umri umempita." Ndivyo mtoto yule alivyotoka kwenye udogo akaingia kwenye ukubwa bila hata siku moja kuwa na miaka saba. Sisi wote tulikuwa tumefuata utaratibu, na usiku tulilala usingizi mzuri.

Ilikuwa ile miaka ambayo kila kitu kilikuwa ruksa. Mitumba ilimwagwa barabarani, viwanda vilianza kupunguza watu, na mwenye sebule kubwa alifungua akademi akaipa jina la Kiingereza. Baba Rukia alikuwa miongoni mwa waliopunguzwa; akaenda Mererani kuchimba mawe ya vito, na mawe yakamchelewesha huko. Mama Rukia alimpeleka mtoto kwenye akademi moja. Mwenye shule alimkaribisha kwa bashasha hadi alipomwona Rukia akizunguka papo hapo na kupepea vidole mbele ya macho yake, ndipo akaeleza kwamba mtoto wa namna ile angeharibu jina la shule. Rangi ya jina lenyewe ilikuwa bado haijakauka ukutani.

Mwaka huohuo mimi nikapelekwa kozi ya elimu maalumu. Msidhani niliomba. Barua ilitaka mwalimu mmoja kutoka kila shule, na Mwalimu Mkuu alimchagua ambaye akikosekana hakuna atakayelalamika. Huko nilisoma habari za wasioona, wasiosikia, na wale waliotajwa kwa jina moja la jumla ambalo sitaliandika, maana lilikuwa tusi lililovaa tai. Neno usonji, mnalolitamka leo kwenye semina kabla ya chai, lilikuwa halijatufikia. Kulikuwa na kurasa mbili tu za Kiingereza kuhusu watoto wasiotazama machoni, wanaorudia jambo lilelile, wanaoumizwa na kelele na kuguswa. Nilizisoma kurasa zile mara moja, nikaweka kalamu chini. Nilijua kabisa ni nani aliyeandikwa pale, na nilijua nani aliyemrudisha nyumbani.

Niliporudi nikapewa kitengo. Kitengo ni neno zito. Ilikuwa stoo ya majembe. Majembe hayakuhamishwa, tuliambiwa tubanane. Vifaa vyangu vilikuwa jamvi, ndoo ya mchanga, vizibo vya soda, na vipande vya mbao ambavyo mume wangu, mtu wa misitu kule Olmotonyi, alinikusanyia badala ya maua. Kilichobaki kilikuwa watoto, na watoto wa kitengo hawaji wenyewe; unabisha hodi nyumba kwa nyumba, na kila nyumba inakwambia huyo wa namna hiyo yuko nyumba ya jirani.

Kwa Mama Rukia sikuhitaji kuelekezwa. Nilimkuta uani anakaanga vitumbua. Mlango wa chumba ulikuwa wazi, na ndani Rukia alikuwa amekaa sakafuni, mguu wake mmoja umefungwa kwa khanga kwenye mguu wa kitanda. Wakati huo alikuwa na miaka kumi na mmoja.

"Habari za asubuhi, Mama Rukia."

"Nzuri." Aligeuza vitumbua vyote, kimoja kimoja, kabla ya kunitazama. "Wewe si ndiye uliyemrudisha?"

"Ndiye mimi."

"Umekuja kumpima tena?"

Nikamwambia nimekuja kumchukua. Akacheka, lakini si cheko la furaha. Kisha akaniambia, kana kwamba nimemuuliza, "Nikimwacha bila kumfunga anakimbilia barabarani. Nisipokwenda kuuza hatuli. Wamemwombea msikitini, wakamwombea na Walutheri wa jirani, mganga naye akala kuku wangu wawili. Wewe una nini?"

"Nina jamvi na vipande vya mbao," nikasema.

Nadhani ni kwa sababu sikumdanganya ndipo akamfungua.

Mwezi wa kwanza Rukia aliutumia chini ya dirisha, ameziba masikio. Nilitaka kumvuta ajiunge na wenzake saba. Mwalimu Kaaya, ambaye alibakiza miezi michache astaafu, alikuwa akija na kikombe chake cha chai kunitazama nikishindwa. Siku moja akasema, "Binti, mtoto usiyemwelewa mkalie jirani, usimkalie kichwani." Nikakaa jirani. Siku tatu nilikaa chini ya dirisha lile nikipanga vipande vya mbao bila kusema neno. Siku ya nne mkono wa Rukia ulikuja ukasogeza kimoja, kwa sababu nilikuwa nimekipanga vibaya.

Kwa vijana wanaotaka mbinu, hizi hapa. Usimguse kutoka nyuma. Usibadilishe njia wala ratiba bila kumwonyesha mapema. Mimi nilikata maboksi ya mafuta ya kupikia kutoka ng'ambo, faida pekee ya soko huria iliyonifikia, nikachora kwa mkaa picha za siku nzima: jamvi, mchanga, uji, mlango. Asubuhi tulizipanga ukutani, na kila jambo likiisha Rukia aliigeuza picha yake. Baada ya miezi kadhaa alikuwa anakuja kutoka nyumbani kwa njia ileile, anagusa nguzo ileile ya geti, anakaa palepale. Mama yake aliuza vitumbua hadi mchana bila kumfunga mtu. Msiniulize alifaulu somo gani.

Sasa nafika kwenye aibu yenyewe, na hakuna hotuba iliyoitaja.

Watoto wa kitengo hawakuwa kwenye rejista ya shule. Mwalimu Mkuu alikuwa amenieleza sababu waziwazi: ukimwandika mtoto leo, siku moja atahesabiwa kwenye mtihani wa darasa la saba, na shule itashuka. Kwa hiyo nilikuwa nafundisha watoto wanane ambao kwa mujibu wa makaratasi hawakuwepo. Siku moja ikaja taarifa kwamba wafadhili kutoka ng'ambo wanakuja kukiona kitengo, na wakiridhika watajenga chumba halisi na kuleta vifaa. Mwalimu Mkuu akaniita ofisini.

"Mwalimu Nanyaro, kesho watoto wako wapumzike."

"Wageni si wanakuja kuwaona wao?"

"Ndiyo maana wapumzike." Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemweleza mtoto. "Utawaweka wageni mbele ya mtoto anayepiga kelele na mwingine anayetoa udenda? Wataionaje shule?"

Alichagua wanane kutoka darasa la nne, walio safi, akawapaka mafuta miguuni, akawaamuru watulie. Majembe yakatolewa nje kwa mara ya kwanza. Na mimi nikapewa kazi ya kusimama mbele yao. Mkisema ningekataa, ni kweli, ningekataa. Sikukataa. Nilikuwa na kazi, na nilikuwa na woga, na viwili hivyo vilielewana vizuri.

Wageni walikuja na gari jeupe. Watoto wa darasa la nne waliimba, wakahesabu hadi mia, mmoja akasoma barua ya shukrani ambayo Mwalimu Mkuu alikuwa ameiandika usiku. Mgeni mama alifuta machozi. Katikati ya machozi hayo ndipo tuliposikia geti likipigwa.

Nilikuwa nimewaambia wazazi wote ni mapumziko. Lakini Rukia hakuwa na picha ya mapumziko. Mimi mwenyewe nilikuwa sijamchorea. Saa ilipofika alikuwa ameondoka nyumbani kwa njia yake ileile, mama yake akimkimbilia nyuma, akaikuta nguzo yake na geti limefungwa. Mlinzi alikuwa na amri. Alipiga bati kwa viganja vyote viwili na kupiga yowe lile ninalolijua, na mgeni akauliza ni nani.

"Mtoto wa jirani," akasema Mwalimu Mkuu. "Ni mgonjwa, maskini."

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka dirishani. Nilimsikia hadi yowe likawa kwikwi, na mama yake akimbembeleza kwa Kirangi. Sikutoka. Naandika hapa ili mjue nguzo yenu ilikuwa wapi.

Barua ya wafadhili haikuchelewa. Ilitusifu sana. Ilisema kwamba katika safari zao zote hawajaona watoto wenye ulemavu waliopiga hatua kubwa kiasi kile, na kwa kuwa ni dhahiri hawahitaji tena msaada maalumu, wangepeleka msaada wao mahali penye shida. Nakala ilikwenda kwa afisa elimu. Mwalimu Mkuu aliibandika barua kwenye ubao wa matangazo, akaisoma mara tatu kwa fahari, na mara ya nne nikaona shingo yake inalegea. Wiki mbili baadaye ofisi ya elimu ikaandika kwa furaha kwamba watoto wa kitengo wahamishiwe madarasa ya kawaida, na kitengo kifungwe mwisho wa muhula. Watoto wenyewe walikuwa tayari kwenye madarasa ya kawaida, darasa la nne, wamekaa vizuri. Wale wanane wangu hawakuwa na mahali pa kuhamishiwa zaidi ya walikotoka.

Jioni ile nilikwenda kwa Mama Rukia. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama.

"Siku ile getini," akasema, "ulikuwa ndani?"

"Nilikuwa ndani."

"Ulimsikia?"

"Nilimsikia."

Aliendelea kukoroga unga wake kwa muda mrefu. Nilitamani anitukane nipate kuondoka. "Mimi nilidhani umetufungia bila kujua," akasema hatimaye. "Nilikuwa nakutetea kwa watu." Akafunika bakuli. "Basi kesho tutakwenda kwa huyo mkubwa, watoto wote na mama zao. Wewe utatangulia, na utasema kama ulivyoniambia mimi. Usipunguze."

Kesho yake tulikwenda. Nilimwandalia Rukia picha tatu mpya: barabara, nyumba kubwa, mlango. Karani wa ofisi ya elimu alituambia afisa yuko kwenye kikao, jambo lililokuwa kweli, maana tulimsikia kikaoni akicheka na redio. Tukakaa kwenye korido. Watoto wanane wa kitengo hawajui kukaa kwenye korido ya serikali kwa unyenyekevu unaotakiwa. Mmoja alikojoa kwenye chungu cha maua. Mmoja aliingia moja kwa moja ofisini akakaa kwenye kiti cha wageni na kunywa chai ya afisa. Halafu simu ikalia, ile ya zamani ya kengele, na Rukia akafanya kile ambacho Rukia hufanya kengele ikilia jirani na sikio lake.

Afisa alitoka. "Nini hii? Watoto wa wapi hawa?"

"Shikamoo mzee. Ni wale waliosifiwa kwenye barua," nikasema.

Aliwatazama wote wanane. Alimtazama yule mwenye kikombe chake. "Waliohesabu hadi mia?"

"Wale walikuwa darasa la nne, mzee. Waliwekwa mahali pa hawa, na mimi ndiye niliyesimama mbele yao. Huyu binti alikuwa nje ya geti."

"Unajua hayo unayosema yanaweza kukutoa kazini?"

"Najua, mzee." Na kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe niliona kwamba hilo halikuwa jambo baya kuliko yote.

Mama Rukia akasogea. Hakupaza sauti, asingeweza kushindana na binti yake. "Mzee, huyu kipimo chenu kilisema mdogo, kikasema mkubwa. Barua imesema amepona. Mimi naomba mtu mmoja tu amtazame, aandike anachokiona."

Sitawadanganya kwamba afisa yule aliguswa moyo. Alikuwa na kichwa kinachouma, chai iliyonywewa na korido iliyolowa, na alitaka kimya. Aliandika kwenye barua ileile ya sifa, kwa mkono, kwamba kitengo kiendelee na watoto wote wanane waandikishwe kwenye rejista mara moja, akasaini, akagonga muhuri. Nimeona mambo maovu yakifanywa kwa sababu nzuri sana. Jema moja kwa sababu ya kelele nililipokea bila kuuliza. Mimi nilipewa barua ya onyo. Mwalimu Mkuu alihamishiwa shule nyingine kwa kile kilichoitwa uzoefu wake.

Siku iliyofuata nilipewa rejista mpya yenye jalada gumu. Niliandika majina manane kwa mwandiko ambao sijawahi kuurudia, nikasimama katikati ya majembe, nikaita. Watoto wengine waliitika kwa namna zao, na wasioitika walinyoosha mkono wenzao wakiwasukuma.

"Rukia Ramadhani."

Rukia alikuwa sakafuni anapanga mbao zake, kwa mstari ulionyooka kuliko wangu. Hakuinua kichwa. Nikaita tena. Nilikuwa nimeshainamisha kalamu nimwekee alama mwenyewe, na ndipo sauti ikatoka nje ya dirisha, ya mtu aliyeniaga nusu saa nyuma kwamba anawahi sokoni na vitumbua vyake.

"Yupo!" akaitikia Mama Rukia. Kisha kwa nguvu zaidi, darasa la nne wakageuka, na mlinzi getini akageuka, "Yupo, mwalimu! Mwandike, yupo!"